Salle Ngongo Yageuka Ngo+

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Leo nimeona jambo kubwa. Chaneli ya Malaika inabadilisha jina! Miaka sita naionyesha hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, kwenye salle yangu, ukumbi wa televisheni, kwa dishi langu mwenyewe, na sikujua kwamba chaneli inaweza kuvua jina kama shati. Kuanzia Jumapili itaitwa Mala+. Wamekata mkia wa jina, wakapachika alama ya kujumlisha. Nani aliwaza hivyo? Ningempa mkono.

Kwenye kona ya skrini wameweka namba. Leo ni 6. Kesho 5. Jumapili sifuri, kila kitu kipya. Hawaelezi zaidi. Wakubwa hawaelezi.

Tena imenijia wakati mzuri, maana niko pabaya. Asubuhi kaja Pasta Byamungu, mwenye chumba. Mtu mpole, hata habari mbaya anaitoa kwa sauti ya baraka. Kasema jana alipita akakuta watazamaji wanne na kuku mmoja. Kasema chumba kitupu ni dhambi, na kwaya yake inaimbia juani. Jumapili saa kumi atakuja kuhesabu. Wakifika watu hamsini, salle inabaki kwangu. Wakipungua, ufunguo unaenda kwa kwaya.

Bila salle mimi ni nani? Mume wa Kibibi, basi.

Najua watu wangu waliko. Wako kwa Mama Esperance, mshonaji wa Bukavu, anayewaonyesha wanawake séries, tamthilia za vipindi, kwenye simu, kati ya cherehani na pasi. Simu! Skrini ya kiganja! Ila niseme ukweli hapa, ambapo hasomi mtu: ana akili yule mama. Ile séries ya Kituruki, ya daktari kipofu, anaipata siku mbili kabla ya dishi langu.

Jumanne, 12 Agosti

Mpango umepatikana. Malaika wameweza, kwa nini mimi nishindwe? Salle Ngongo inakufa. Inazaliwa Ngo+! Kibibi kasema ni kama mtu anayebisha hodi. Nimemjibu kwamba abishaye hodi hufunguliwa. Kaendelea kuchagua mchele.

Nimefunga mlango. Nimeandika 5 kubwa kwa chaki, bila neno lingine. Mabenchi ya zamani nimeyagawa yote, maana Mala+ kwenye matangazo yao hawana benchi, wanakaa chini kwenye mazulia wanacheka. Mimi nitatandika mikeka. Benchi moja kwa jirani yangu Minani. Mawili kwa bibi Feza, mzee wetu wa Kindu. Yaliyobaki msikitini. Minani kanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanitazama muda mrefu. Sikujua benchi linaweza kumgusa mtu hivyo.

Alhamisi, 14 Agosti

Lilongwe! Nimepata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nikafika mtaa wa Area 49 kwenye ofisi ya wakala wa chaneli. Ofisi gani ile. Ukuta mmoja rangi ya chungwa, mwingine zambarau. Hata kucha za dada wa mapokezi: chungwa, zambarau, chungwa, zambarau. Nimesimama mlangoni kama mtu aliyeingia kwenye harusi ya wenyewe.

Nimeuliza dishi langu litahitaji kifaa gani Jumapili. Dada kasema halitahitaji chochote. Nimefurahi sana. Kisha kaendelea. Jumapili chaneli inaondoka kwenye dishi kabisa. Itakuwa kwenye intaneti tu, kila mtu na simu yake. Dishi naweza kuanikia mboga, kasema, naye hakuwa anatania.

Nimesema zikomo, asante ya hapa Malawi. Nje nimekaa kwenye ukingo wa mfereji. Nimeogopa, niandike nini kingine? Hamsini wanakuja kutazama ukuta.

Hata hivyo nimewaza njia nzima hadi mtaa wa Mtandire, na moyo wangu umewapigia saluti. Kuacha dishi wakati dishi bado linakamata! Mimi hata viatu siviachi mpaka vidole vione barabara. Wale ni wanaume.

Mtandire nimetafuta rangi. Ya chungwa nimepata. Zambarau imekwisha. Muuzaji kanishauri nichukue nyekundu na bluu, nichanganye mwenyewe.

Ijumaa, 15 Agosti

Usichanganye nyekundu na bluu mwenyewe. Ukuta wangu umepata rangi ya maharage yaliyolala.

Lakini namba inafanya kazi! Leo mlangoni ni 2. Baada ya sala ya Ijumaa watu wamepanga mstari kunipa mkono. Imamu kaniombea njia nyepesi. Minani kanifuata hadi nyumbani, kaulizia godoro langu, kama lina pande nzuri mbili au moja. Nimemwambia mbili. Kasema basi nimkumbuke. Watu wa Ngo+ wanapenda kuulizia mambo ya ndani. Hivyo ndivyo jina jipya linavyoamsha mtaa.

Jioni nimemwendea Mama Esperance na suruali ya kukunja pindo. Hila yangu: nimsifie simu, kisha nimwombe aniazime Jumapili kana kwamba nimekumbuka ghafla. Nimeanza kusifu. Hakuinua macho kwenye cherehani. Kauliza kama dishi limekufa. Nimeuliza nani kasema. Kasema simu imesema, na suruali ile alishaikunja Juni.

Nimebaki na suruali mkononi. Kumbe alikuwa tayari kunisaidia. Kesho anakwenda Area 23 kwa dada yake, kuna intaneti nzuri, atashusha kipindi cha mwisho cha daktari kipofu. Waya wa kuunganisha simu na televisheni anao. Nimeuliza anataka nini kwa hayo. Hapo njo kazima cherehani.

“Papa Ngongo, mi niko na picha tu. Bale bamama banalala katikati ya filme, juu hakuna mutu wa kubaelezea. We ukielezaka, hata mi mwenye nilishaka kuona, nalia tena.”

Ni kweli huwa naeleza kidogo. Kituruki sijui, na yale maandishi ya Kiingereza yanapita mbio. Natazama nyuso, nasema wanachosema. Si kazi, ni mdomo tu. Yule mama ni mwanadiplomasia! Ameiogopa Ngo+, anatafuta pa kushika mapema. Hongera kwake.

Jumamosi, 16 Agosti

Namba 1. Kibibi karudi kutoka bombani na uso mgumu. Kasema wanawake wamemkumbatia wakalia, na mmoja kamlaumu kwa kuficha. Kauliza nimefanya nini. Nimemwambia ni msisimko wa chapa mpya. Kasema atanipiga na mwiko. Kibibi hana elimu ya matangazo.

Jumapili, 17 Agosti

Sifuri.

Saa tisa na nusu nimefungua mlango, nikakuta umati. Nimehesabu hadi arobaini nikaacha, machozi yalinizuia. Wameleta bugali, sombe, samaki, sufuria ya pilau. Wamevaa nguo za sikukuu. Kwaya ya Pasta imepanga mstari na kuimba wimbo wa kuagana. Nimefikiri wanaliaga jina la zamani. Nimefikiri: Malaika wenyewe hawakupata kwaya!

Pasta kahesabu. Sitini na watatu. Kasema salle ni yangu, lakini sasa nitaifanyia nini? Kisha kainua mikono na kuomba Mungu ailinde ndege yangu hadi Canada.

Canada!

Ndipo nimeelewa, mimi wa mwisho kambini. Mtu anagawa mabenchi. Anafunga mlango. Anahesabu siku kwa chaki. Hapa Dzaleka mtu wa namna hiyo jina lake limetoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa ng'ambo, amepata safari. Hata mimi ningemuulizia godoro.

Nikiri tena. Nilitaka kunyamaza. Pasta alishahesabu, na Canada si tusi. Nilishaanza kutengeneza uso wa msafiri. Kisha bibi Feza kanifikia polepole, kanitia bahasha mkononi. Nimeisoma juu: jina la binti yake. Huyo alipata safari miaka tisa iliyopita, na sauti yake haijasikika kwa miaka minne.

“Umwambie niko muzima,” kasema. “Asiogope kuniita, hata kama hana kitu.”

Nilishindwa. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nina uzoefu. Nimesema mbele ya wote kwamba siendi popote, kwamba ni jina la salle tu, ni rangi na chaki. Minani kalitazama benchi alilokuja nalo kukalia. Nimemrudishia bibi bahasha. Kaipapasa, kanipapasa na mimi shavu, kasema basi vizuri, mmoja amebaki.

Kibibi ndiye aliyeokoa siku. Kasema chakula kimeshaiva, hakijui Canada. Watu wamecheka, wengine kwa hasira, lakini wamekaa. Mama Esperance kachomeka waya. Daktari kipofu kajaa ukutani, kwenye televisheni yangu, bila dishi!

Nimeeleza saa nzima. Daktari alipoushika uso wa mama yake na kuutambua kwa vidole, nimesema kwa sauti yake, “Mama, ulikuwa hapa siku zote, mimi njo nilichelewa.” Sijui kwa Kituruki alisema nini. Bibi Feza kalia, Pasta kalia, Minani kalia na mfupa wa samaki mdomoni. Hakuna aliyetoka. Mlangoni wamesimama wengine ishirini.

Pasta kasema kwaya itafanya mazoezi asubuhi, na mimi nibaki na ufunguo. Kaniambia sababu ni ile sauti yangu. Nimemshukuru kwa adabu. Maskini, hajui nguvu ya chaki.

Jumatatu, 18 Agosti

Sikulala kwa furaha, na asubuhi akili ikafunguka. Nimesoma tangazo la Mala+ kwenye simu ya jirani. Wanasema hawana tena mnara wala dishi wala jengo la kurushia. Sasa wako kwenye kila mfuko. Mfuko! Wakubwa wamehama ukutani, halafu mimi Ngongo nang'ang'ania matofali na mikeka kama mtu wa zamani?

Saa nne nimempelekea Pasta ufunguo. Kauliza mara tatu kama nina homa. Nimemweleza kwamba Ngo+ imetoka kwenye kuta, sasa itakuwa kwenye simu. Kibibi kauliza simu ipi, maana yangu ilizama kwenye ndoo ya nguo mwezi wa tano. Hayo ni ya mafundi.

Mchana Pasta kampa Mama Esperance ufunguo. Kaanza kupanga mabenchi, wamemrudishia yote. Kanitumia mtu: kuna séries mpya Jumatano, ya Kikorea, je, nitakuja kuwaeleza watu?

Nitaenda. Mwanamke hodari, lakini bado yuko ukutani. Bila mtu kama mimi wa kumwonyesha njia, ataachwa nyuma.