Ng'ombe wa Mzee Kuntai, Mmoja Mmoja

Jumatatu, 2 Juni 2003
Kitengela. Nafasi ya mwalimu msaidizi wa kompyuta iko wazi! Madam Evalyne, mkuu wa chuo, amesema ataipata mwanafunzi atakayemfurahisha Mzee Kuntai, mwenye jengo letu. Mzee anataka ukoo wa ng'ombe wake kwenye kompyuta: ng'ombe, binti zake, na binti za hao binti. Nikikosa kazi hadi mwisho wa mwezi, dada yangu ananirudisha Kimana kung'oa vitunguu. Mpinzani ni mmoja tu, Nasieku. Msichana mpole. Namhurumia.

Jumanne, 3 Juni
Nimemaliza kabla ya chai! Programu yangu inajiita yenyewe: inataja ng'ombe, inaingia kwa binti yake, kisha kwa binti wa huyo, mpaka ifike kwa asiyezaa, halafu inarudi juu kutafuta waliobaki. Mzee akaketi na fimbo yake. Nikabonyeza. Ukoo mzima ukapita mbio, akabaki ndama wa mwisho kwenye skrini. Mzee akauliza kama wamefukuzwa na simba. Anataka mmoja mmoja: amkumbuke huyu kwanza, ndipo abonyeze aje mwingine. Nasieku alicheka. Nimeumia sana.

Jumatano, 4 Juni
Sasa inasimama. Mzee akabonyeza, akatokea ng'ombe wa kwanza: Nanyokie. Akatabasamu. Akabonyeza tena: Nanyokie. Mara ya nne: Nanyokie. Kumbe kila ikisimama inasahau ilikofika, inaanza upya. Nikamwambia huyo ndiye ng'ombe muhimu zaidi. Akasema ni kweli, lakini alikufa wakati wa ukame. Madam aliniangalia vibaya.

Alhamisi, 5 Juni
Ya Nasieku inakumbuka! Ikisimama, inaweka alama kuonyesha imefika kwa nani na nani bado. Ukibonyeza inaendelea papo hapo. Alienda chai akaacha disketi mezani. Nimeinakili. Si wizi, ni utafiti. Kisha nikaongeza kitu changu mwishoni. Ni siri.

Ijumaa, 6 Juni
Nilihakikisha natangulia. Mzee akabonyeza: Nanyokie. Kisha binti yake, Narok. Kwa kila mmoja alieleza alizaliwa wapi na nani alimkamua. Saa nzima! Akafuta machozi. Nikaviaga vitunguu moyoni. Akabonyeza mara ya mwisho, siri yangu ikatokea kwa herufi kubwa: JUMLA: NG'OMBE 64.

Mzee akasimama. Akauliza nani amehesabu ng'ombe wake. Nikainua mkono kwa furaha! Nasieku akaninong'oneza, akiwa amechelewa, kwamba wazee wa kabila la Mzee hawahesabu mifugo, ni kuiitia mkosi. Mzee akaniambia tu, "Muema, wewe uko na shida," akaondoka haraka kwenda kuangalia boma lake.

Jumamosi, 7 Juni
Kazi amepewa Nasieku. Sina kinyongo. Nimekaa nikafikiri, nikaona kosa langu liko wapi: ng'ombe. Mzee ana uchungu nao mno. Jumatatu nampelekea zawadi ya kuomba msamaha. Programu ni ile ile, ila nimetoa ng'ombe wote nikaweka watoto wake na wajukuu, mmoja mmoja. Mwishoni nimeweka jumla yao, safari hii kwa rangi nyekundu.