Turbo ya Kumpeleka Bibi Harusi Remera

Jumatatu, 2 Julai 1990

Kikao cha ukoo jana. Aibu! Kaka yangu Karangwa alitangaza mbele ya wote kwamba binti yake Épiphanie atapelekwa kanisani Remera kwa Peugeot ya Évode. Évode ni kaka wa mke wangu. Alipokea heshima hiyo kwa kuinamisha kichwa, kama mtu anayebatizwa. Mimi, baba mdogo wa bibi harusi, mwenye Corolla safi, nimepewa kubeba kreti za soda.

Sababu naijua. Mwaka jana nilimpeleka kanisani dada wa Épiphanie. Mlima wa Gikondo ukatushinda katikati. Bibi harusi akashuka, akakusanya shela, akapanda kwa miguu katika vumbi. Wanakwaya wakasukuma gari huku wakiimba. Tangu siku ile Évode haniiti shemeji. Ananiita Dereva wa Waenda kwa Miguu.

Tatizo si gari. Ni hewa. Kigali iko juu mno, hewa ni nyepesi, injini inahema kama mgonjwa wa pumu. Na dawa ipo: turbo! Hushindilia hewa ndani ya injini kwa nguvu ya moshi unaotoka. Nikiipata turbo, nitampata na bibi harusi. Harusi ni tarehe 28. Kazi ianze.

Ijumaa, 6 Julai

Mimi si mtu wa kukurupuka. Wengine hufunga turbo leo, kesho wanazika injini. Mimi nataka turbo ya kudumu. Nimesoma jarida la magari la Kifaransa mwanzo hadi mwisho, pamoja na matangazo. Rejeta kubwa kwanza. Kisha shinikizo dogo, maana mwenye pupa hulala njiani.

Na jambo kuu kuliko yote: oili. Turbo huzunguka kwa kasi ya kutisha na huiva kama chuma cha mhunzi. Oili ndiyo inayoiweka hai. Baada ya kupanda mlima, usizime injini papo hapo! Iache ingurume polepole, oili iendelee kupita, turbo ipoe. Ukizima, oili husimama mle ndani, huungua, hugeuka mkaa.

Nilimsomea mke wangu Kanyange kifungu hicho wakati wa chakula. Halafu nikamsomea tena. Alisema, sawa Papa Kirezi, amesikia, ukizima inakuwa mkaa, sasa nimpitishie maharage.

Jumatano, 11 Julai

Turbo imepatikana! Fundi Nsengiyumva wa hapa Nyakabanda ameitoa kwenye pikapu ya dizeli iliyopinduka njia ya Gitarama. Nilimuuliza kama itaingia kwenye Corolla. Akasema kila kitu huingia, inategemea nyundo. Nilimuuliza kama anajua kazi ya turbo. Akasema mimi ndiye niliyesoma, yeye atafunga bolti.

Mgawanyo mzuri wa kazi. Kutwa nzima tumekata mabomba na kuchomelea. Oili mpya nimeichuja kwa kichujio cha maziwa cha Kanyange, kwa usalama zaidi. Kanyange hakuuona usalama huo. Mtoto wetu Kirezi amekunywa maziwa yenye harufu ya garaji.

Évode alipita na Peugeot yake, akapunguza mwendo makusudi. Akauliza kama Corolla imelazwa, na kama wagonjwa wanaruhusiwa kuletewa uji. Fundi alicheka. Nikamkazia macho, akaendelea kukaza bolti.

Jumapili, 15 Julai

Ushindi! Ushindi mtupu!

Baada ya misa niliipeleka Corolla mlima wa Gikondo. Ndani: Kanyange, Kirezi, Fundi, na gunia la viazi badala ya shangazi. Chini ya mlima nikakanyaga. Kwanza kimya. Halafu mluzi. Halafu mgongo wangu ukanata kwenye kiti! Tulipita lori. Tulipita basi. Tulipita mahali pale pa aibu ya mwaka jana, nikapiga honi. Fundi alijishika mlangoni akisema Yezu, Yezu, kumbe inafanya kazi.

Kileleni nikazima injini, nikaweka gia huru, tukateremka kimya upande wa pili, kama kila mtu mwenye akili katika mji huu. Mungu aliumba mlima na pande mbili: wa petroli na wa bure. Mimi siulipii wa bure.

Kanyange akauliza kama si mimi niliyesema ukizima inakuwa mkaa. Nikamweleza kwa upole kwamba wanawake hawajasomea mambo haya. Akasema kweli, yeye alisomewa tu, mara mbili.

Moshi kidogo wa bluu tulipowasha tena. Petroli mbaya.

Jumanne, 17 Julai

Mluzi umegeuka kilio. Kama mbuzi aliyefungiwa mbali. Fundi aliniuliza kama huwa nazima injini ikiwa moto. Niliumia moyoni. Mimi! Nikiegesha nyumbani huiacha ingurume mpaka majirani wachungulie dirishani. Kuzima kwenye mteremko ni jambo jingine kabisa: gari linakwenda, upepo unapiga boneti, turbo inapoa vizuri kuliko ikisimama. Fundi akasema ndivyo hasa. Mtu mwelewa sana.

Nimeongeza oili.

Jumamosi, 21 Julai

Siku ya hukumu. Nilimwomba Karangwa mashindano ya haki: magari mawili, mlima mmoja, mizigo sawa. Évode alisema hawezi kushindana na jeneza. Lakini Épiphanie mwenyewe akaniunga mkono. Alimwambia baba yake kwamba baba mdogo ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, apewe nafasi yake. Akaja akakaa mbele kwangu. Shangazi wawili wanene nyuma. Évode akapewa shangazi wa kwake.

Tukaondoka. Peugeot ilitangulia. Shangazi mmoja akasema tumekwisha. Kwenye kona nikakanyaga. Mbuzi akalia, Corolla ikaruka! Tulimpita Évode huku Épiphanie akimpungia mkono kama malkia. Kileleni, zima, gia huru, tukateremka kwa fahari.

Karangwa alitoa uamuzi palepale: bibi harusi, Corolla. Soda, Peugeot. Évode alisema kreti zitaikwaruza. Karangwa akamwambia atandike gazeti.

Kanyange aliniambia amefurahi kwa ajili yangu, na akaniomba, kama zawadi kwake, nisizime kileleni siku ya harusi. Nikamwahidi kulifikiria.

Jumamosi, 28 Julai

Nimelifikiria. Nilizima. Mazoea ni mwalimu.

Asubuhi: Gikondo mpaka Remera, Épiphanie nyuma kwa shela nyeupe, mlima umepandwa bila kusita! Waliokuwa wakitucheka mwaka jana walisimama barabarani midomo wazi. Padri alitukuta tumeshafika. Karangwa alinishika bega. Nilikuwa karibu kulia.

Baada ya misa, safari ya kurudi ukumbini Gikondo. Nikawasha. Chuma kikasaga chuma. Kisha moshi! Moshi mweupe, mzito, kama wa kuchoma makaa. Peugeot ya Évode, nyuma yetu na soda zake, ikamezwa yote. Corolla ilijikokota kwa gia ya kwanza mpaka mwanzo wa mteremko, na hapo ikafa.

Nilifanya nini? Nilichofanya siku zote. Gia huru! Bila injini breki zilikuwa ngumu kama ukuta, kwa hiyo sikuzisumbua. Tulishuka bila sauti. Tulipita magari ya upande wa bwana harusi, gari la kwaya, na pikipiki ya padri. Épiphanie alikuwa akipiga kelele. Za furaha, nadhani. Kwenye lango la ukumbi nilipanda nyasi, nikasimamishwa na uzio wa migomba, taratibu.

Wa kwanza! Bibi harusi hakuchafuka hata ukosi. Wazee wa upande wa pili walisema hawajaona gari la heshima namna hii, lisilopiga hata kelele. Épiphanie alinikumbatia, akasema baba mdogo, mwaka jana tulipanda kwa miguu, leo tumeshuka kwa mabawa.

Évode alifika wa mwisho kabisa. Uso umejaa oili. Alipewa maji ya kunawa.

Jumatatu, 30 Julai

Fundi amefungua turbo. Ndani imejaa mkaa. Kanyange alikuja garajini kwa makusudi, akachungulia, akalitaja neno hilo moja tu, mkaa, akaenda zake sokoni.

Nimechunguza suala hili kwa utaratibu. Hitimisho: uchovu. Turbo ilifanyishwa kazi mno na haikupumzishwa vya kutosha. Fundi anakubaliana nami.

Évode alikuja jioni, mnyenyekevu, akaniita shemeji kwa mara ya kwanza mwaka huu. Anataka turbo. Fundi ameshapata mbili, moja ya Évode, moja yangu. Na kwa kuwa mimi si mchoyo wa elimu, nimempa siri yote ya kuidumisha: kila ukifika juu ya mlima, shemeji, zima haraka, ipumzike.