Teke la Punda Aliyekufa

Jumatatu, 14 Julai 2025
Barua ya bima imefika. Siamini. Mwezi uliopita punda alirukia gari letu, Probox, barabara ya Gotu, akafa papo hapo. Bampa ikaingia ndani, taa ikavunjika, rejeta ya kupozea injini ikapasuka. Bima wanasema watalipia bampa na taa tu. Rejeta, ati, ilikuwa imechakaa. Imechakaa! Ilikuwa mpya kabisa. Mke wangu Faduma anauza maziwa ya ngamia, na sasa anayaleta mjini kwa bodaboda. Leo madumu mawili yamefika yameharibika. Aliyamwaga tu, akiniangalia.

Jumanne, 15 Julai
Nimepata njia. Wakininyima kilicho changu, nitadai kisicho changu. Mlango wa nyuma umebonyea tangu mwaka jana, niliporudi kinyumenyume nikagonga nguzo ya stima hapa mtaani Kiwanjani. Kwenye fomu mpya nimeandika kwamba punda aliupiga teke. Faduma amenishauri nitafute ushahidi wa rejeta, basi. Nimemwambia mambo ya bima aniachie mimi.

Alhamisi, 17 Julai
Mkaguzi wa bima amekuja kutoka Meru. Anaitwa Kinanu. Mpole, amenisalimia vizuri, nikajua nimeshinda. Amezunguka gari mara moja. Akauliza punda alipiga teke kabla ya kugongwa au baada. Nikasema baada, kwa hasira. Akafungua fomu yangu ya kwanza, akanisomea maneno yangu mwenyewe: punda alikufa papo hapo. Akasubiri.
Nilisema pengine alikuwa amezirai.
Aliandika kwa muda mrefu sana.

Ijumaa, 18 Julai
Fundi Guyo amenimaliza. Nilimwomba barua ya kuniunga mkono. Ameandika kwamba rejeta aliifunga yeye mwenyewe mwezi Machi, ikiwa mpya. Vizuri. Kisha ameongeza kwamba mwaka jana nilimuuliza bei ya kunyoosha mlango, nikaiona kali, nikaondoka. Nilimuuliza kwa nini ameandika hayo. Alishangaa. Alisema si nilitaka ukweli? Barua nimeificha chini ya godoro.

Jumatatu, 21 Julai
Bima wamefuta dai lote. Bampa, taa, kila kitu. Sababu: udanganyifu. Nilikaa mlangoni nusu saa. Nikamwambia Faduma yote, mpaka habari ya godoro. Alitoa barua ya Guyo, akaniambia nivae viatu, tunaenda ofisi ya bima, Meru.
Njiani nilipanga kugonga meza. Faduma alinikalisha kwenye benchi, mbali na meza. Akamsalimia Kinanu, akampa barua na picha aliyopiga Bisharo, mfugaji anayetuuzia maziwa, ambaye siku ya ajali alikuwa nasi garini. Punda amelala, maji ya rejeta yanatiririka chini ya boneti. Kisha akasema, watu wote wakisikia:
"Mlango ni uongo wa mume wangu. Ufuteni. Rejeta ni ukweli, na sitoki hapa mpaka mkubali kuilipa."
Kinanu akanigeukia, akauliza kama ni hivyo. Nilimtazama Faduma.
Nikasema ni hivyo.

Jumatano, 30 Julai
Wamekubali! Bampa, taa na rejeta. Kinanu alipiga simu mwenyewe. Alitaka kuongea na Faduma, si mimi. Gari limetoka gereji. Asubuhi maziwa yametoka Gotu yakafika mazima, na Faduma ameimba njia nzima. Nilikuwa nimesahau sauti yake.

Jumamosi, 2 Agosti
Nimefikiria sana. Ni wazi kilichowatisha bima ni ule mlango. Bila mlango wangetuona wanyonge.
Leo upepo umeangusha bati la jirani juu ya boneti. Mkwaruzo mdogo, urefu wa kidole. Faduma yuko sokoni. Nimechukua fomu. Nimeandika mkwaruzo, halafu redio iliyovunjika. Gari letu halijawahi kuwa na redio. Kwa hiyo hakuna fundi aliyewahi kuiona.