Msomi Aliyehamisha Kinamasi

Mjini walimwita Msomi kwa sababu ya miwani yake, ambayo vioo vyake vilikuwa vya dirisha. Asubuhi hiyo alikuwa akipita mbele ya ofisi ya dalali wa viwanja, akasikia mtu analalama ndani: "Wanunuzi wanakuja saa tisa, na ramani imekuwa nyeupe kama sanda."

Masikio ya Msomi yakasimama. Mama wa mchumba wake alikwishatamka kwamba binti yake haolewi na mtu asiye hata na pa kuchimba choo, na hapa palikuwa na dalali mwenye viwanja tele na shida ya haraka. Mungu akitaka kukupa hakuletei barua. Msomi akapiga hodi huku yumo ndani.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia humu mna mgonjwa."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Daktari wa ramani."

Dalali, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, akamwonyesha kompyuta. Mistari ya viwanja ilikuwapo, lakini picha ya anga iliyopaswa kulala chini yake, yenye miti na barabara, haikuonekana hata chembe. Kando alikaa dada yake dalali, ambaye ndiye karani wa ofisi, akimenya chungwa.

Msomi aliweka kiganja juu ya skrini, akafumba macho. "Imepata mshtuko. Tokeni kidogo. Picha ikishatishika haijitokezi mbele za watu."

Wakatoka. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa sekunde tatu: kuna tabaka jeupe lilikuwa limepandishwa juu ya picha, likaifunika kama blanketi. Msomi akalishusha, picha ikachomoza. Hapo ndipo alipokiona kiwanja namba saba, kwenye mwinuko, kando ya lami, penye miti ya kivuli. Mashariki yake kulikuwa na kinamasi.

Ujanja hauna likizo. Picha ile ilikuwa na kifaili kidogo cha namba kinachoiambia ikae wapi. Msomi akabadilisha namba moja, picha nzima ikasogea magharibi, na kinamasi kikajilaza chini ya kiwanja namba saba. Kisha akakaa saa nzima akibonyeza vitufe na kuguna, ili walioko nje wajue kuwa kazi ni ngumu.

"Mgonjwa kapona," alisema walipoingia. "Na fedha sitaki, mzee. Nipe tu hiki kiwanja cha vyura, nifuge bata."

Dalali alitazama skrini, uso ukamsawijika. Dada mtu akaacha kutafuna.

"Chukua, mwanangu," dalali akasema kwa sauti ndogo. "Chukua, na ya humu yabaki humu humu."

Mkataba ukaandikwa upesi upesi. Msomi alitoka akimwonea huruma mzee wa watu, akapanda pikipiki hadi viwanjani. Akafuata vigingi vya mipaka: cha tano, cha sita. Cha saba kilikuwa ng'ambo ya majani mabichi. Akapiga hatua mbili, akazama mpaka magotini.

Akapiga simu. Dada yake dalali akapokea.

"Dada, ramani yenu ni ya uongo. Kiwanja changu kiko majini."

"Si ndiko ulikokiona kwenye skrini?"

"Ndiyo, lakini pale mimi ndiye nili..." Msomi akalimeza neno.

Kisha akamsikia dada mtu akisema pembeni, "Kaka, kumbe hakujua." Akarudi kwenye simu. "Sikiliza, fundi. Mwaka jana kaka alimwita mtu aisogeze picha ile, viwanja vya majini vionekane viko mwinukoni. Leo wewe umeirudisha mahali pake. Tukajua umetugundua, tukakuziba mdomo kwa kiwanja."

Msomi alisimama ndani ya tope akitafakari. Katika maisha yake yote hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyoifanya kwa haki, na ilimlowesha suruali.

Dalali akanyakua simu. "Mwanangu, saa tisa hiyo inafika, na namba nane na tisa bado nauza. Rudi uiharibu ramani kama ilivyokuwa. Nitakupa kiwanja cha mwinukoni, cha kweli."

"Utaniandikia kabla sijagusa kitufe?"

"Kabla."

Msomi akavuta mguu, tope nalo likavuta kwake.

"Basi nakuja, mzee," akasema. "Ila tangulizeni mtu mwenye kamba."