Begi la Dharura na Peremende Zangu

Jumatatu, 4 Machi

Mto umepanda tena. Ofisi ya mtaa inataka kila nyumba iwe na begi la dharura. Kaka wa mke wangu, mwanajeshi mstaafu (tunamwita Kamanda, naye anapenda), katuletea letu limeshafungwa. Kamba mita ishirini. Tochi. Filimbi. Vidonge vya kusafishia maji. Biskuti ngumu kama vigae. Nikauliza sukari iko wapi. Akasema begi hili ni la kuokoa roho, si la kwenda matembezi. Mke wangu na binti yetu wakacheka. Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. Haya!

Jumanne, 5 Machi

Nimewaza kutwa nzima kibandani, saa mbovu za wateja zimelala mezani hazijaguswa. Sawa, mtu kaokoka. Halafu? Anakaa! Na mtu aliyekaa, begi hili halina habari naye.

Nimetoa kamba. Nani atapanda ukuta, mama mkwe? Zimeingia ndala laini, karata, mto mdogo wa shingo, majani ya chai na sukari. Nimelipima begi kwenye mizani ya muuza nyama kabla na baada. Kilo tisa na robo. Kilo tisa na robo! Mimi ni mtu hatari.

Peremende zangu nyeupe zilikuwa zinanata kwenye karatasi. Kichupa cha vidonge kimezifaa kama kilitengenezewa. Vidonge vyenyewe viko mfuko wa shati kwa muda.

Jumatano, 6 Machi

Kamanda kaja kukagua bila taarifa. Akalinyanyua begi, akalipima mkononi, akasema safi. Hakulifungua! Nimetembea kifua mbele mpaka jioni.

Jioni mke wangu kafua. Shati langu la bluu lina baka jeupe kifuani, kubwa kama sahani. Anauliza sabuni gani hii ya ajabu. Nimejifanya sisikii. Vidonge nitanunua vingine. Mvua yenyewe imekatika, haraka ya nini?

Ijumaa, 8 Machi

Mvua haikukatika. Saa nane mchana maji yalikuwa mlangoni. Tumehamia shuleni juu kilimani, familia nne darasa moja. Kamanda mbele, begi mgongoni.

Akajaza ndoo maji ya mtaroni, akatumbukiza vidonge vyake vya kichupani, akawaeleza watu wote jinsi vinavyoua vijidudu. Kila mtu akasikiliza kwa heshima. Mimi nikaanza kusoma ramani ukutani. Nusu saa ikapita. Akachota kikombe, akaonja wa kwanza, kama kiongozi.

Akakitazama kikombe tena.

“Shemeji,” akaniita taratibu, “mbona maji yana ladha ya peremende?”

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema yote. Akatema mate dirishani, akaomba kamba, nadhani si kwa kazi nzuri. Nikampa ndala. Watoto walikuwa wanalia kiu na hapakuwa na tone jingine la maji safi. Hapo niliona aibu kweli, ya kutoka moyoni.

Mke wangu ndiye aliyetuokoa. Hakunifokea. Alichukua sufuria jikoni kwa mpishi wa shule, akachemsha maji ya ndoo nzima mpaka yakatokota sawasawa, kisha akanyoosha mkono bila kunitazama: majani, sukari. Harufu ya chai ikatanda darasa zima. Mama mkwe kanywa vikombe vitatu, anasema tangu azaliwe hajanywa chai ya namna hii. Watoto wakanyamaza.

Kamanda alikaa kona, kanuna. Karata zikatoka. Mama mkwe akamwita aje aungane nao, akakataa. Akamwita mara ya pili kwa jina lake la utotoni. Akaja. Kafungwa mara tano na mama yake mzazi, na kavaa ndala zangu.

Jumamosi, 9 Machi

Maji yameshuka. Nyumba ina tope, lakini imesimama. Bwana wa ofisi ya mtaa kapita akasema darasa letu ndilo pekee ambalo halikugombana. Nikainama kwa unyenyekevu. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Tumesafisha pamoja mpaka jioni, sote watano, Kamanda na binti yetu wakiwamo, tukiimba. Mgongo unauma. Nina furaha isiyo na kifani.

Jumatatu, 11 Machi

Kamanda kaleta begi jipya. Lina kufuli. Ufunguo kampa mama mkwe, naye kauficha kifuani. Kasema safari hii hata mchwa haingii.

Mimi ni fundi saa. Kufuli hili limenichukua dakika moja na nusu.

Nimelitazama begi kwa makini, bila chuki. Ni kazi nzuri. Ila bandeji! Marundo ya bandeji! Sisi ni watu watano na hakuna hata mmoja anayevuja damu. Nimezitoa zote. Redio yangu imeenea hapo vizuri kabisa.