Nilivyoilinda Radi Chini ya Kitanda

Jumatano, 28 Julai 1976

Nimeipata! Radi Chini ya Kitanda! Kingston nzima inaitafuta, kumbe iko kwangu, Ferdinand Gayle, mwenye mtambo wa muziki uitwao Tetemeko. Hakuna santuri ya dabu kama hii. Fundi kaondoa waimbaji, kaacha besi na ngoma, halafu kamwaga mwangwi. Mwimbaji mmoja, nasikia, alienda studio kulalamika kwamba katika wimbo mzima amebakiziwa "oo" moja. Wanasema besi yake imeangusha vyombo kabatini huko Jones Town. Wanasema imemponya mzee kiuno.

Mwenyewe sijaisikiliza. Nitaisikilizaje? Vernal Pinnock anaishi nyuma ya ukuta wangu. Huyu alikuwa akinibebea spika, sasa ana mtambo wake na shingo haigeuki kwa maringo. Jumatatu, Sikukuu ya Uhuru, tunapambana uwanjani kwa Bi Almeda, mchana kweupe. Bi Almeda amesema mshindi atapiga pale mwaka mzima, na atakayeshindwa akawapigie mbuzi. Sina uwanja mwingine. Nikiukosa huu, Tetemeko ni kabati tu.

Alhamisi, 29 Julai

Mpelelezi! Dada yake Vernal alikuja eti kuomba chumvi. Macho yote kwenye santuri.

Sisi wenye mitambo hukwangua ile karatasi ya katikati, mpinzani asisome jina. Nikailoweka Radi kwenye beseni. Kisha nikawaza: santuri moja isiyo na jina si inamwambia mwizi "nichukue"? Inahitaji mwenzake wa kumchanganya. Nikaazima ya shangazi Icilda, ile kwaya yake ya kanisani, bila kumsumbua kwa kumwomba. Nikazikwangua zote mbili. Zikatoka nyeusi tii, mapacha. Akili ni mali! Ya shangazi nikairudisha kwenye jalada lake. Yangu iko chini ya godoro.

Jumamosi, 31 Julai

Vernal kaniuliza mbele ya kinyozi hiyo Tetemeko yangu inatetemesha nini, labda kuku wa jirani. Watu wakacheka. Kinyozi akacheka mpaka akamkosea mteja. Nikamwambia Vernal aliye juu mngoje chini. Halafu, kwa hasira, nikaenda kwa Bi Almeda na kuapa kwamba Radi isipowarusha watu, nitaondoka mwenyewe bila kufukuzwa. Bi Almeda akasema amesikia, na mashahidi wamesikia. Kwa nini sina breki mdomoni?

Jumapili, 1 Agosti

Shangazi karudi kutoka ibadani amechanganyikiwa. Mpiga kinanda anaumwa, kwa hiyo shangazi alipeleka santuri yake ili waimbe nayo. Anasema kwaya imetoweka! Kilichotoka ni ngurumo, na mtu mmoja kwa mbali anasema "oo". Mchungaji akatamka kwamba Roho ameshuka. Wazee wakaacha mikongojo, wakayumba. Mchungaji amekataa kabisa kuirudisha, anataka kuipiga hata Jumatano.

Nikamwambia shangazi tatizo ni sindano, waibadilishe. Hawa wazee hawajui vyombo.

Jumatatu, 2 Agosti

Vernal alianza. Spika zake kubwa kama kabati za nguo. Watu walicheza, nakiri. Akaniuliza kwa maikrofoni kama nimekuja kupiga au kuomba chumvi. Mimi nikatangaza jina moja tu: Radi Chini ya Kitanda! Nikashusha sindano.

Kinanda. Kisha akina mama wakimsifu Bwana.

Jasho! Vernal alicheka hadi akakaa chini. Bi Almeda akaanza kutikisa kichwa. Niliuona uwanja unaondoka. Nikataka kuzima, mkono ukateleza, ukagonga vitufe vyote. Akina mama wakapotea! Kikabaki kinanda peke yake, chini kabisa, kinanguruma tumboni. Nikakamata kisanduku cha mwangwi, nikakigeuza hadi mwisho. Mama mmoja akarudi: "Haleluya... luya... luya... ya..."

Halafu mtu akapiga ukuta wa mabati kwa ngumi. Halafu wote! Mabati, vifuniko vya sufuria, miguu. "Rudisha, Ferdie! Rudisha mwanzo!" Nikainua sindano, nikaanza upya. Wakapiga mabati tena, nikaanza upya tena. Vernal aliacha kucheka.

Shangazi alikuwa langoni akiuza samaki wa kukaanga. Akaitambua santuri yake. Akaja mbio na koleo la samaki, ananitaka mimi tu. Katikati ya uwanja, ile haleluya ikapita juu ya kichwa chake. Akasimama. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya ujanani. Akalishusha koleo, akashika kiuno, akacheza! Nilifurahi hadi nikatokwa na machozi.

Bi Almeda kanipa uwanja mwaka mzima. Vernal, mpole kama kondoo, akaniuliza ule ulikuwa upande gani wa Radi. Nikamwambia ulitoka kwenye Radi ya Pili, bado haijatoka, asimwambie mtu.

Jumanne, 3 Agosti

Mji umewaka moto! Kinyozi anasema Radi ya Pili inaipita ya kwanza. Muuza maji ya nazi ana binamu Londoni aliyeisikia kwa masikio yake. Wanasema imemfanya kiziwi asikie. Mwanzoni nilicheka. Uongo wangu mwenyewe!

Halafu nikawaza. Kinyozi sawa, ni mropokaji. Lakini binamu wa Londoni atanidanganyia nini? Hatufahamiani hata.

Naandika haya nikiwa kwenye foleni, nje ya duka la santuri, Mtaa wa Orange. Mwenye duka anasema haijafika, yaani ipo njiani. Vernal yuko nyuma yangu. Hata akilia, simpishi.