Kamanda, Corgi wa Bombambili

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mbwa amefika. Edwin wa ofisini kahamishiwa Dodoma, hawezi kuondoka naye, nimemchukua mimi. Ni corgi, aina waliyoifuga kina malkia wa Uingereza. Mtaa mzima wa Bombambili hana mwenzake. Masikio ya mbweha, kifua cha fahali, miguu ya kigoda. Nimempa jina Kamanda.

Nimempitisha mbele ya nyumba ya Honorata, mwalimu jirani yangu, ambaye ndiye sababu ya mimi kumtaka mbwa huyu: nataka anitupie jicho. Akauliza kwa nini mbwa amelala barabarani. Nikamweleza kwamba amesimama.

Calvin wa nyumba ya pili alikuwepo. Calvin ana mbwa mrefu. Alimtazama wa kwake, kisha wa kwangu.

Jumanne, 10 Juni

Corgi anapukutika manyoya. Suruali yangu nyeusi ya kazini sasa ni ya kahawia. Ila sauti anayo. Aliye nje ya geti anadhani ndani kuna dubwana.

Hapo nikapata wazo. Honorata ameanika mahindi uani, na mbuzi wa Bi Shakila, mama wa Tunduru anayeuza korosho, wanamsumbua. Nimemwambia kesho aende kufundisha bila wasiwasi. Kamanda atalinda.

Jumatano, 11 Juni

Mbuzi walikuja. Kamanda hakuwafukuza. Kumbe corgi ni mbwa wa kuchunga. Aliwazunguka, akawadonoa visigino kwa meno, akawakusanya wote juu ya turubai la mahindi. Aliyetaka kuondoka alirudishwa. Mbuzi hawakuwa na la kufanya ila kula.

Bi Shakila akaja kuwachukua. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniomba nimshike mbwa maana ana udhu, akaongeza kwamba mbuzi wake hawajawahi kushiba hivi.

Honorata aliporudi kutoka shuleni, aliinua turubai akakung'uta punje zilizobaki.

“Derick,” akasema, “huyu alikuwa analinda nini?”

Nikaenda kutafuta ufagio.

Alhamisi, 12 Juni

Calvin kampelekea Honorata debe la mahindi. Kampa juu ya uzio, kaondoka bila neno. Ujanja huo naujua.

Mpango mpya. Nimetundika suruali kuukuu kwenye kamba ya nguo. Nikisema “Calvin”, Kamanda anairukia, nami nampa dagaa wa Nyasa. Anajifunza haraka. Hata suruali haihitaji tena, jina tu linamtosha.

Jumamosi, 14 Juni

Honorata alikuwa anatoka sokoni upande huu wa barabara, Calvin upande ule. Nikamnong'oneza Kamanda lile jina.

Alitoka mbio. Alipomfikia Calvin akaketi mbele yake, mate yanamtoka, akisubiri dagaa. Calvin akamkuna tumbo. Dagaa hawakuja, basi Kamanda akarudia kazi anayoijua. Akamzunguka Honorata, akamswaga kuvuka barabara mpaka ukutani alipo Calvin. Wakabaki bega kwa bega. Calvin alipojaribu kupisha, alirudishwa.

Wakaanza kuongea. Wakaongea sana. Honorata akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia. Nikamwita Kamanda. Hakuja. Alikuwa kazini.

Jumapili, 22 Juni

Calvin kaja kunishukuru. Wazee wake wanakwenda Madaba, kwa kina Honorata, kujitambulisha kwa ajili ya posa. Anasema mwaka mzima alishindwa hata kumsalimia vizuri.

“Bila mbwa wako, kaka, nisingethubutu.”

Nikamwambia karibu sana. Alipoondoka nilikaa kibarazani, chai ikapoa mkononi. Iliniuma. Kamanda akaja akalalia miguu yangu. Kwa baridi hii ya Juni, angalau ana joto.

Jumanne, 24 Juni

Nyumba ya nyuma kahamia nesi, Fortunata. Mpole, ana mwanya. Anafuga bata, nao kutwa wanatoka nje ya uzio kuelekea barabarani. Nimemwambia asihangaike, kesho asubuhi namletea Kamanda.

Akauliza kama mbwa huyu amewahi kufanya kazi ya namna hiyo.

Nikamwambia ana uzoefu mkubwa.